Kunde za Kola Zilienda Wapi?

Kabla hujaniambia unataka kwenda kusoma biolojia ya kompyuta ng'ambo, niambie kwanza barua pepe yako ilifunguliwa na nani. Sikuulizi ili nikukere. Swali hilo nimeliuliza hapa langoni kwangu, Kalama, hadi vijana wengine wameanza kulijibu kabla hawajanisalimia. Wengi lakini bado huinamisha kichwa na kuanza kuchezea viatu vyao.

Mimi sina digrii, na sijawahi kuificha habari hiyo. Nina diploma ya umeme na kompyuta niliyoipata politekniki, mtoto wa mkulima ambaye nyumbani kwao hakukuwa na hata swichi moja ya taa. Kwa diploma hiyo hiyo nilifika Denmaki, na kwa diploma hiyo nikakabidhiwa funguo za chumba cha seva ambacho maprofesa walibisha hodi kabla ya kuingia. Nilizitunza mashine zilizochambua jenomu za shayiri, za nguruwe, za bakteria na za watu. Leo nimestaafu na kurudi, nimejenga nyumba ya vigae, ina umeme wa jua na mtandao usiokatika hata mvua ikinyesha. Hakuna mjomba wala mbunge aliyenishika mkono. Kwa hiyo nikikueleza jambo juu ya kuomba vyuo hivi, usinitazame kama fundi wa redio.

Kwa wasiojua, kazi yenyewe ni hii. Kila kiumbe ana maandishi ndani yake, marefu ajabu, ya herufi nne tu. Maabara huyakata vipande, mashine huvisoma vipande hivyo, kompyuta huviunganisha na kuvilinganisha, halafu mtu hukaa pale kujiuliza kama kompyuta imesema kweli. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo biolojia ya kompyuta. Hizo nyingine zote ni umeme.

Aliyenifundisha hivyo alikuwa Bi Hanne, mkuu wangu wa chumba cha seva, mwanamke mwenye sauti nzito kama ya mwanamume na mkono mwepesi kwenye kibodi. Kuna siku mwanafunzi mmoja wa uzamivu alitangaza kwamba bakteria wake wa mtoni na bakteria wa hospitali walifanana kabisa, herufi kwa herufi, bila tofauti yoyote. Keki ikaletwa. Watu wakapongezana kwa kupigana mabegani. Bi Hanne akachukua kipande chake cha keki, akaniita pembeni, akaniambia, "Musyoka, hakuna kitu kilicho hai kinachofanana namna hiyo. Nenda kaangalie ukubwa wa faili zile mbili." Nikaenda. Ukubwa ulikuwa sawa hadi tarakimu ya mwisho. Kijana alikuwa amelinganisha faili moja na yenyewe. Keki yote ililiwa kimyakimya.

Tangu siku hiyo kitu kikipendeza mno mimi huanza kutafuta palipokosewa. Mke wangu, Mama Ndinda, anasema nimeharibika.

"Wewe hata kuku akitaga," hunicheka, "unauliza yai ni la nani."

"Na siku moja lilikuwa la jirani," humjibu, na ni kweli.

Sasa nikueleze jambo ambalo waombaji hawalijui. Pale kwetu, walioitwa kuhojiwa walikaa na maprofesa chumba cha kahawa, wakiwa wamevaa vizuri na kujibu vizuri. Wakimaliza, nilipewa mimi niwatembeze chumba cha mashine. Wao walidhani mahojiano yameisha, wanalegeza tai. Jioni Bi Hanne ananiuliza, "Musyoka, yupi?" Kulikuwa na mmoja aliyeniambia programu zake hazijawahi kukwama. Nikamtilia shaka papo hapo. Mwingine, msichana mdogo mwenye mafua, aliniuliza mashine ikizima katikati ya kazi huwa tunajuaje ilikuwa imefika wapi. Nikamtaja huyo, na huyo ndiye aliyekuja kudumu. Kwa hiyo ukienda kuhojiwa, hata anayekufungulia mlango anakuhoji. Na ukiambatisha kazi yako, iambatishe na makosa yake na jinsi ulivyoyarekebisha. Kazi isiyo na kosa hata moja inanukia mtu mwingine.

Hapo ndipo anapoingia Mwende.

Mwende ni binti wa binamu yangu Mutheu, wa Kola. Amesoma biolojia chuo kikuu hapa nchini, na kuandika programu alijifunza mwenyewe kwa simu iliyopasuka kioo. Alikuja kwangu Jumapili moja akitoka kanisani, na kompyuta ya kuazima kwenye mfuko wa nailoni.

"Anko, nimeomba vyuo vinne na hakuna hata kimoja kimenijibu."

"Umeangalia wapi?"

"Kwa email."

"Fungua nione."

Akaandika paswadi. Mashine ikasema nambari ya uthibitisho imetumwa kwenye simu. Simu yake ilikuwa pale mezani, kimya kabisa.

"Imetumwa kwa simu ya nani?"

"Ya Kimeu."

"Kimeu ni nani?"

"Wa saiba, anko. Ile iko karibu na stendi. Yeye ndiye alinifungulia email nikiwa bado fomu four. Huwa naenda pale ananifungulia naangalia."

Mnaijua desturi hii, msijifanye. Mtu wa kwetu akitaka nambari ya kodi, mkopo wa chuo, cheti cha tabia njema, huenda saiba, duka la kompyuta za kukodi. Kijana wa saiba humfungulia barua pepe, humchagulia paswadi, huweka nambari yake mwenyewe ya simu ili kazi iende haraka, na mteja huondoka na karatasi iliyochapishwa akiwa na furaha. Saiba moja karibu na stendi inaweza kushika maisha ya watu wa kata nzima. Mkopo wa chuo sikatai. Lakini profesa wa ng'ambo akikuandikia, anaandikia simu ya Kimeu.

Nikamwomba anionyeshe maelezo aliyotuma, yale ya kueleza kwa nini anataka kusoma. Nikasoma mstari wa kwanza kwa sauti: tangu utotoni amekuwa na shauku isiyozimika ya kutibu saratani kwa teknolojia.

"Utotoni ulikuwa na shauku ya saratani?"

Mama Ndinda akacheka huko jikoni. Mwende naye akacheka, lakini kwa aibu.

"Kimeu alisema wazungu wanapenda saratani. Mimi mradi wangu ulikuwa wa kunde."

"Kunde umeziandika wapi?"

"Mwisho. Nimeweka kiungo cha kazi yangu yote, na majedwali na programu."

Usiku ule niliwaza jambo moja tu: huyu Kimeu ameuza nafasi ya mtoto. Nimeona mengi duniani. Ana barua zake, ana vyeti vyake, ana paswadi yake. Nani angemzuia kumpa msichana mwingine? Asubuhi nikawasha gari langu, nililolinunua kwa pesa zangu, nikampitia Mwende, tukaenda mjini.

Kimeu alikuwa kijana wa miwani aliyezungukwa na watu wa picha za pasipoti. Aliponiona akainuka, akanisalimia kwa Kikamba.

"Uvoo waku, mzee?"

"Ni museo. Nataka kuona barua za huyu msichana."

"Bila shaka, mzee. Keti. Mwende, si leo ndio ningekupigia?"

"Ungenipigia lini, Kimeu?"

"Watu wa kodi ni wengi! Hebu ngoja."

Akafungua. Ilikuwepo. Profesa mmoja wa chuo kimoja kati ya vile vinne alikuwa amemwandikia Mwende akimwalika kwenye mahojiano ya video, achague siku, ajibu kabla ya Ijumaa. Ijumaa ilikuwa imepita. Chini yake kulikuwa na jibu, limeshatumwa, kwa jina la Mwende: "Mheshimiwa sana Profesa, nimenyenyekea mbele ya heshima yako kuu..."

Mwende akafunika uso kwa mikono miwili. "Umemjibu? Kwa jina langu?"

"Sasa ningemwacha akingoja? Wewe hushiki simu, uko shamba. Nikamwambia Alhamisi uko sawa. Na amekubali, ona."

"Na hili swali alilouliza hapa chini? Umejibu nini?"

"Hilo sikulielewa. Nikaandika utamweleza ana kwa ana, Mungu akipenda."

Nilikuwa nimekuja kumkamata mwizi, nikamkuta mtu aliyeiokoa nafasi. Iliniudhi kidogo, nakiri. Lakini sikulegeza kamba. Mtu anaweza kukufagilia nyumba vizuri kabisa na bado ufunguo ukawa mfukoni mwake. Nikamwambia abadilishe nambari ya simu na paswadi pale pale, nami nikasimama nyuma ya kiti chake mpaka nambari ya uthibitisho ilipoingia kwa simu ya Mwende.

"Mzee, kwani huniamini?"

"Hata mimi mwenyewe sijiamini, Kimeu. Bonyeza."

Watu wa pasipoti walicheka, na Kimeu mwenyewe akacheka. Sina ubaya naye.

Profesa pia sikumwamini. Tulipofika kwangu sikukigusa kiungo kilichokuwa kwenye barua. Niliandika anwani ya chuo mwenyewe, herufi kwa herufi, nikaingia idara yao, nikamtafuta profesa huyo kwa jina, nikalinganisha anwani yake na ile iliyomwandikia Mwende. Zikalingana. Fanyeni hivyo kila mara. Na anayedai umtumie pesa ili akufanyie mpango wa nafasi, mkatie simu. Programu nzuri za fani hii nyingi humlipia mwanafunzi wanayemtaka.

Kisha tukalisoma swali. Profesa alikuwa ameifungua kazi ya Mwende yote, hadi majedwali. Aliandika kwamba jedwali la kwanza lina sampuli tatu za kunde kutoka Kola ambazo hazimo kwenye mchoro wa mwisho. Zilienda wapi?

Mwende alikuwa amekusanya majani ya kunde kwenye mashamba ya Kola, Kalama na Kithimani, maabara ikasoma DNA yake, naye akachora jinsi mbegu za kila eneo zinavyohusiana. Mchoro ulikuwa mzuri. Kola upande wake, Kalama upande wake, Kithimani upande wake, kama watu waliopangwa foleni na mwalimu wa zamu. Ulipendeza mno.

"Zilienda wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye mchoro zilikuwa zinaenda kukaa na za Kithimani. Msimamizi wa mradi wangu chuoni akasema ni lebo zimechanganyika, niziondoe, zinaharibu mchoro."

"Nawe uliamini?"

"Moja ilikuwa ya mama, anko. Jani hilo nililichuma mwenyewe na lebo nikaiandika mwenyewe."

"Basi kwa nini uliitoa?"

"Ningemwambia nini msimamizi? Kwamba najua kwa sababu ni kwa mama yangu?"

Nikachukua simu nikampigia Mutheu, nikaweka spika. Sikumwambia sababu. Ukitaka jibu safi usimpe mtu fununu ya jibu unalolitaka.

"Mutheu, ile mbegu ya kunde uliyopanda mwaka ule Mwende anakusanya majani, uliitoa wapi?"

"Wee Musyoka, umeanza kulima uzeeni?"

"Nijibu kwanza."

"Si ni ile nilipewa na wifi yangu kule Kithimani, tulipoenda matanga. Nitatokaje kwa wifi mikono mitupu? Alinifungia kwa leso. Ilikuwa nyingi, nikagawia Mama Kyalo na Mama Mwikali pia."

Mwende alinyanyua kichwa. Akaivuta kompyuta karibu, akashuka na kidole kwenye jedwali mpaka kwenye majina ya wenye mashamba. Mama yake. Mama Kyalo. Mama Mwikali. Ya mama yake alikuwa anaishuku siku zote. Hizo mbili hakuwahi kufikiri zina uhusiano wowote.

"Hazikuchanganyika," akasema polepole. "Zilitembea."

Sasa, msidhani mambo yaliishia hapo. Siku mbili kabla ya Alhamisi Mwende alikuja tena, na uso wa mtu aliyefanya hesabu mbaya.

"Anko, nikisema nilizitoa ili mchoro upendeze, ataona mimi ni mwongo. Nikisema ni lebo zilichanganyika, inaisha. Hayo makosa kila mtu huyafanya. Na nani atajua?"

"Ameshashuku. Ndio maana ameuliza."

"Ameshuku lebo. Hajanishuku mimi."

"Kule Denmaki niliona watu wakirudishwa nyumbani kwa kitu kidogo kuliko hicho."

"Wakirudishwa kwa kusema ukweli au kwa kudanganya?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeona yote mawili, nikamwambia hivyo. Naye akasema neno lililonikata kidogo, "Basi niachie, anko. Anayeomba ni mimi."

Alhamisi alikaa sebuleni kwangu, mbele ya ukuta mweupe nilioupaka mwenyewe. Mimi nilikaa pembeni, nje ya jicho la kamera, na Mama Ndinda akanipa ungo wa ndengu nichambue ili nisije nikajibu maswali yasiyo yangu. Walizungumza Kiingereza, naandika kwa lugha yetu.

Profesa alikuwa mama wa nywele za mvi zilizokatwa fupi. Alimuuliza juu ya saratani, na Mwende akamwambia waziwazi kwamba saratani haikuwa yake, ilikuwa ushauri mbaya, yeye anapenda kunde. Nikaangusha ndengu kadhaa. Halafu swali lenyewe likaja.

"Kunde za Kola zilienda wapi?"

Nilimwona Mwende anashika ukingo wa meza.

"Nilizitoa mimi," akasema. "Msimamizi wangu alidhani ni makosa ya lebo, nami nikakubali kwa sababu mchoro ulipendeza bila hizo. Wiki hii nimeuliza. Mbegu ya nyumba hizo tatu ilitoka Kithimani. Mama yangu alipewa na wifi yake, akawagawia majirani. Kwa hiyo zilikuwa mahali pake sawasawa. Mahali ambapo hapakuwa sawa ni mchoro wangu."

Profesa hakutabasamu. "Utajuaje kwamba mama yako anakumbuka vizuri?"

Hapo nikamsamehe yule mama kila kitu. Alikuwa wa kabila langu, la watu wasioamini.

"Bado sijui," Mwende akajibu. "Lakini yule wifi bado anapanda mbegu hiyo. Nikienda kuchuma majani kwake na kuyalinganisha, itajulikana kama mama anakumbuka au anahadithia."

Kisha profesa akasema, "Nitumie mchoro ukiwa na zile tatu ndani." Akaaga.

Mwende aliurudia mchoro alasiri ile, pale pale sebuleni. Haukupendeza tena. Mistari mitatu ilikatiza kutoka Kola hadi Kithimani kama mtu aliyetoroka kwenye foleni. Akautuma kutoka kwenye barua pepe yake, kwa simu yake, nami nikaunakili kwenye mashine yangu maana hujui litakalotokea.

Tulingoja. Nilimwambia asimtangazie mtu, wala kanisani, wala kwa Kimeu. Mutheu alinipigia kila mara kuuliza kama wazungu wamesema, nami nikamwambia wazungu hawasemi, wanaandika. Vyuo viwili vikakataa kwa adabu. Cha tatu hakijajibu mpaka leo.

Kisha asubuhi moja, nikiwa napanga mabomba ya tangi, simu ikaita.

"Anko, nimepata."

"Nani amekuambia?"

"Wao! Yule profesa! Na wananilipia masomo yote."

"Wameandika kutoka anwani gani? Usibonyeze kitu chochote, Mwende. Usikubali, usikatae, usijaze hata jina. Nakuja."

Nikaliacha bomba likimwaga maji, nikaendesha hadi Kola. Uwanjani kwa Mutheu kulikuwa tayari na wanawake watano wanaimba, yaani siri ilikuwa imeshatoka. Sikumsalimia mtu. Niliketi na kompyuta, nikasoma barua ile kutoka juu hadi chini. Nikalinganisha anwani. Nikaingia kwenye tovuti ya chuo kwa mkono wangu, nikatoa nambari ya ofisi ya wanafunzi, nikapiga, nikataja jina la Mwende na la profesa. Bibi wa upande wa pili akaangalia kwenye mashine yake.

"Ndiyo," akasema. "Na tumeshapokea uthibitisho wake wa kukubali."

Nikageuka. Mwende alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, vile vile nilivyokuwa nimesimama mimi nyuma ya kiti cha Kimeu.

"Anwani niliikagua mwenyewe, anko," akasema. "Tovuti nikaingia kwa mkono, na ofisi nikapiga. Nikabonyeza. Ndipo nikakupigia wewe."